Wachuka, Goti Lake na Wageni wa Lanet

Wachuka wa Ndabibi hakuwa mtu wa kulala mchana. Muulize yeyote anayemjua. Alilea watoto wawili, alilima viazi, waru kama wanavyoviita kwao, na mahindi, alikama ng'ombe asubuhi na jioni, na bado alibaki na nguvu ya kwenda kuona mtoto aliyezaliwa upande ule na mzee aliyevunjika mkono upande huu. Palipokuwa na jambo, Wachuka alifika, na alifika kwa miguu yake, maana pikipiki hakuziamini hata kidogo. Umri ulikuwa umeshapita sitini na bado alikuwa anawaacha mabinti nyuma kwenye kilima.

Kisha goti la kulia likaanza vituko. Mwanzoni lilimuuma kwenye mteremko tu, akalipaka dawa ya kuchua, akalisahau. Baadaye likamkataza kwenda kanisani kule juu. Halafu likamkataza kwenda kwa rafiki yake Mama Kiarie, na kwa Mama Kiarie ni kuvuka bonde tu. Mwishowe akawa akifika kwenye geti lake mwenyewe anashika nguzo na kuhema kama aliyebeba gunia. Hapo ndipo watoto wake, Sue wa Lanet na Ndung'u wa Nairobi, walipomwita kwenye kikao wakamwambia operesheni ni lazima.

Alikataa. Si angekataa! Alisema goti lake ni la Mungu na Mungu hajui chuma. Lakini daktari wa Nakuru alipomwonyesha picha, akaona kwa macho yake kwamba pale katikati pameisha, mfupa unasaga mfupa, maneno yakapungua. Daktari akamweleza kwamba watatoa zile ncha zilizolika, waweke za chuma na plastiki. Wachuka akaitazama ile picha kwa muda, akauliza swali moja tu.

"Nitatembea mpaka kwa watu?"

"Utatembea, mama. Ukifanya mazoezi."

"Basi kata."

Hilo neno la mazoezi hakulisikia. Au alilisikia likapita.

Operesheni ikaenda vizuri. Kesho yake alisimamishwa na fremu ya kutembelea, akamtukana muuguzi kwa Kiswahili na kwa Gĩkũyũ, kisha akamwomba msamaha akamwita malaika. Aliporuhusiwa kutoka, Sue akampeleka kwake Lanet, maana huko kuna choo cha kukalia, maji moto, na hospitali haiko mbali.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo shauri lilipofungwa. Jioni ile ya kwanza Sue alimletea mama yake uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema kwa upole.

"Mami, tumeongea na Ndung'u. Goti likikunjika vizuri kufikia kliniki ya pili, unarudi Ndabibi. Lisipokunjika, unabaki hapa na mimi. Shamba tutakodisha, na ng'ombe ataenda kwa watu."

"Nibaki mpaka lini?"

"Ubaki tu, Mami. Hapa ni kwako."

Ni kwako! Wachuka alitazama ile nyumba nzuri ya mtoto wake, vigae vinang'aa, mapazia yamefanana na viti, na moyo wake ukashuka. Lanet ya nyumba mpya si Ndabibi. Jirani yuko nyuma ya ukuta, na Sue mwenyewe hakujua anaitwa nani. Kesho yake asubuhi Wachuka alisikia wanajeshi wakikimbia na kuimba kutoka kambini, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ya watu hadi Sue alipotoka kazini. Mwanamke aliyezoea kusalimia barabara nzima, ukimfungia mahali kama hapo unamuua polepole, tena kwa upendo. Usiku huo alimwomba Mungu jambo moja, arudi nyumbani kwake akiwa anatembea.

Mungu akamletea Chepkemoi.

Chepkemoi alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mrefu kutoka pande za Eldama Ravine, mcheshi sana, lakini akishika goti lako ucheshi unaishia hapo. Alimkalisha Wachuka kwenye kiti cha meza ya chakula, akamwekea mfuko wa plastiki chini ya unyayo ili mguu uteleze kwenye vigae, akachuchumaa mbele yake, akamwita Shosho kama anayemwita bibi yake.

"Haya Shosho, vuta mguu nyuma. Uingie chini ya kiti."

"Umekataa."

"Haujakataa. Wewe ndio umekataa. Vuta."

Wachuka alivuta, akaona nyota mchana. Chepkemoi akamsifu, akamwambia avute tena. Kisha akamwonyesha kona ya meza.

"Unaona hii kona? Nataka goti likunjike hivi, na lipite kidogo. Hapo utakaa vizuri, utainuka, utapanda kilima chenu. Na ukinyoosha, linyooke kabisa."

"Na lisipofika?"

"Ukiliacha linashikana huko ndani. Ikifika hapo daktari anakurudisha theatre, unadungwa ya usingizi, analikunja kwa nguvu ukiwa umelala. Mimi sitaki ufike huko. Wewe unataka?"

"Ngai! Nani anataka?"

"Basi vuta."

Wakaelewana. Asubuhi avute, mchana avute, jioni avute, na akimaliza aweke kitu baridi kupunguza uvimbe. Sue alikuwa na pakiti ya minji, njegere za kugandishwa, kwenye friza, Chepkemoi akasema hiyo inatosha kabisa, ifungwe kwa taulo iwekwe juu ya goti. Wachuka akaiweka. Jioni akaipika na waru, kwa sababu yeye si mtu wa kuharibu chakula. Sue alikula akasifu, na hakuambiwa minji ilikuwa wapi mchana kutwa.

Siku zile za mwanzo goti lilienda likifunguka. Liliuma, lakini lilienda. Wachuka alianza kuzunguka jikoni na ile fremu, anamenya hiki, anapangusa kile, anaimba. Na kama mambo yangebaki hivyo, mimi nisingekuwa na hadithi.

Wageni wakaanza kuja.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, hilo unalijua. Ukilazwa, watu wanakuja. Ukitoka, watu wanakuja zaidi, kwa sababu sasa hakuna askari wa getini wa kuwaambia saa za kuona wagonjwa zimeisha. Wanakuja na uji kwenye chupa, na ndizi, na njahi, yale maharagwe meusi, na wanakaa, na wanaomba. Na Wachuka, aliyetembelea kila mgonjwa wa Ndabibi tangu akiwa msichana, angekosaje kutembelewa?

Wa kwanza alikuwa Mama Jamleck, mwenzake wa kanisani, aliyekuwa amepitia buchari ya nyama ya kijana wake kule Kikopey. Alishuka na chupa ya supu ya mifupa na uso wa huzuni kabisa. Sue akamfungulia. Mama Jamleck akapita sebuleni polepole, ameinamisha kichwa, kumbe mgonjwa yuko jikoni anamenya waru na kuimba.

"Haiya!" Mama Jamleck akashika kiuno. "Mama Sue! Ni wewe tulifunga kula tukikuombea? Mtu anatoka Kikopey na machozi, kumbe wewe unaimba? Hii supu naona nitakunywa mimi mwenye nimechoka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa anatania. Lakini Wachuka alilichukua neno lile akaenda kulala nalo. Watu wamefunga kula. Watu wametoka mbali kuja kuona mgonjwa. Wakikuta hakuna mgonjwa, si ni kama kuwadanganya? Na wakirudi Ndabibi waseme, "Tulikutana na yeye jikoni, hana neno," ataonekana mtu wa kusumbua watu bure.

Basi kuanzia siku hiyo, kengele ya geti ikilia, Wachuka alikuwa kwenye sofa. Mguu juu, mto mnene chini ya goti, leso mpaka kifuani, sauti imeshuka chini kabisa. "Nani huyo? Karibuni. Mungu ni mwema. Tunasukuma tu." Na wageni walifurahi! Walisikitika vizuri, waliomba vizuri, waliinuka wakiwa wameona walichokuja kuona.

Na tuseme ukweli, naye alikuwa ameanza kupenda. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwekea sahani mapajani na kumuuliza kama chumvi imetosha. Alikula mukimo wa watu, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, akanywa supu ya watu, akapambwa maneno matamu akiwa bado anayasikia. Wakitoka wa saa nne wanaingia wa saa sita. Wakitoka wa saa sita anajisikia amechoka, anasinzia palepale na mto wake. Mazoezi ya mchana yakageuka ya jioni, ya jioni yakageuka ya kesho.

"Shosho, unavuta?" Chepkemoi aliuliza.

"Navuta sana."

"Sana?"

"We niulize tu."

Chepkemoi hakuuliza tena. Lakini siku moja alifika mapema kuliko kawaida, akakuta sebule imejaa watu wa ukoo. Akakaa pembeni na mkoba wake. Mwanamke mmoja akamnong'onezea, "Pole daktari, huyu hali yake bado ni mbaya," na kwenye sofa Wachuka akaguna kwa uchungu, maana hakuwa amemwona aliyeingia. Wakaomba. Wakaaga. Mlango ulipofungwa nyuma yao, mgonjwa akatupa leso, akashika fremu, akaenda mbio mbio na bakuli la njahi ili aliweke kwenye friji kabla halijaharibika. Alipogeuka akakutana na macho ya Chepkemoi.

"Shosho."

"Ee."

"Ni nani alikuwa amelala hapo saa hii akilia?"

Chepkemoi akacheka mpaka akaketi chini kwenye vigae. Wachuka naye akashindwa, akacheka. Walicheka wote wawili mpaka machozi yakatoka. Kisha Chepkemoi akachukua kile kipimo chake cha plastiki chenye mikono miwili, akakiweka kwenye goti, akakisoma mara mbili.

"Ni nini?"

"Limerudi nyuma, Shosho."

Hapo kicheko kiliisha. Wachuka alitazama goti lake, limevimba, lile kovu refu linang'aa, na akaliogopa.

"Huo mto ndio mwizi wako," Chepkemoi alisema. "Mto chini ya goti unaleta raha, ndio maana ni mbaya. Goti linalala likiwa limepinda kidogo tu. Halinyooki, halikunjiki, na linazoea hapo. Toa mto. Na uache kulala."

"Na wageni nitawaambia nini?"

"Waambie umepona."

"Sijapona!"

"Basi waambie unapona."

"Wewe hujui watu, msichana wangu. Mtu atoke mbali hivyo kuona mgonjwa, akute mtu anaosha vyombo?"

"Shosho, hata kwetu wageni huja. Wanapewa chai, wanaenda. Goti linabaki na mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma. Akaanza kuvuta tena, safari hii kwa kweli. Asubuhi Sue akienda kazini alimwacha kwenye kiti anavuta mguu na kufuta machozi kwa leso, na jioni alimkuta hapohapo. Lile goti lilikuwa limeshika kama mlango wa mbao wakati wa mvua. Kuna jioni Sue alienda kusimama bafuni na maji yakimwagika ili mama yake asimsikie akilia. Hakupenda kumwona hivyo. Alikuwa ameanza kusema, "Mami, si ubaki tu, kwani hapa kuna ubaya gani?"

Lakini unadhani Wachuka aliacha kulala mbele ya wageni? Wapi! Alifanya mapatano yake mwenyewe, akiwa peke yake anavuta, kengele ikilia analala. Na wageni walikuwa wengi kuliko upweke. Goti likasogea kidogo, likasimama. Ikafika wiki ya mwisho kabla ya kliniki ya pili. Na Jumamosi kabla ya kliniki, akina mama wa kanisa la Ndabibi wakatuma habari kwamba wamekodi gari, wanakuja wote.

Walikuja wakiimba kutoka getini. Waliingia na vitambaa vyao vya kichwa, na kiondo cha mayai, na kabeji, na kuku aliyefungwa miguu ambaye Sue hakujua amweke wapi kwenye nyumba ya vigae. Walijaza viti, wakajaza mikeka, wakajaza mlango wa jikoni. Mama Jamleck alikuwa mbele. Na nyuma kabisa, akipanda ngazi moja ya mlango kwa kushika ukuta, aliingia Mama Kiarie, yule rafiki wa ng'ambo ya bonde.

Wachuka alikuwa kwenye sofa, mto mahali pake.

Wakamwombea. Wakaimba. Chai ikazunguka, na watu wakaanza kuongea wawili wawili kama kawaida. Mama Kiarie alikuwa amepata kiti karibu na kichwa cha sofa, na alikuwa anaongea na Mama Jamleck kwa sauti ya chini, akijisugua goti la kushoto kwa kiganja bila kujua kwamba anajisugua.

"Mimi hii yangu nitazikwa nayo," alikuwa anasema. "Nilikuwa nimepewa tarehe. Sikuwa nimeambia mtu. Nikasema kwanza nione Wachuka amefikia wapi."

"Na sasa?"

"Sasa nimeona. Kama Wachuka, na nguvu zake zile, bado analala hivi, mimi wananiua. Niache tu na fimbo yangu."

Wachuka alisikia kila neno. Alilala pale akitazama dari ya mtoto wake, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Mama Kiarie! Waliolewa mwaka mmoja, walibeba mimba pamoja, walizika waume zao mvua moja. Alikuwa amekuja kupima maisha yake kwa kumwangalia yeye, na yeye alikuwa amelala hapo anaigiza.

Akatoa mto chini ya goti, akautupa. Ulimpiga mtu, hakuangalia ni nani.

"Nipeni kiti!"

Weh! Ilikuwa kelele. "Mshikeni! Polepole! Mama Sue, utaanguka!" Mikono ikatoka kila upande. Wachuka akaipiga yote.

"Niacheni! Kaeni chini. Kaeni, nimesema!"

Wakakaa. Akainuka mwenyewe, akashika fremu, akatembea mpaka kwenye kiti cha meza, akaketi mbele yao kama mtu anayetaka kupigwa picha. Akapandisha sketi juu ya goti, kovu likaonekana lote, na wengine wakageuza uso.

"Tazameni. Mimi si mgonjwa. Nilikatwa, ni kweli, na nilishonwa, lakini kesho yake nilitembea. Ningekuwa nimeenda mbali sasa. Nimewalalia. Kila mkija nakimbia kulala, ili msione kama mmekuja bure. Na huku kulala kwangu kumeshikanisha goti, na Jumanne wakipima likose kukunjika, sirudi Ndabibi tena. Nitakaa hapa nikisikiza askari wakiimba."

Mama Jamleck akashusha kikombe, akasema polepole, "Kwa hivyo ile supu yangu..."

"Nilikunywa yote, na nilikuwa mzima."

Nyumba ikalipuka. Walicheka wakapigana mapajani, mmoja akamwaga chai, mwingine akasema wamefunga kula kwa ajili ya mwizi wa njahi. Wachuka alicheka akilia. Mama Kiarie peke yake ndiye hakucheka. Aliinuka na fimbo yake, akaja mpaka kwenye kile kiti, akainama, akaweka kiganja juu ya goti la mwenzake, pale kwenye kovu.

"Inauma?"

Wachuka angeweza kumwambia haiumi. Ndivyo mtu husema anapotaka kumtia mwingine moyo.

"Inauma hadi nalia," akasema. "Sikudanganyi. Lakini ule uchungu wa zamani ulikuwa unanirudisha nyuma kila siku. Huu unanipeleka mahali."

"Hebu kunja nione."

Wachuka akavuta. Mguu ukateleza nyuma kidogo, ukasimama. Jasho likamtoka. "Umekataa," akasema.

"Haujakataa," akasema Mama Jamleck, bila kujua kwamba kuna mtu ameshasema hivyo kwenye nyumba hiyo. "Wanawake, imbeni!"

Wakaimba. Wimbo wa kanisani, ule wa polepole wenye kiitikio kirefu. Kwenye kiitikio Wachuka anavuta, kwenye ubeti anaachilia. Wakirudia kiitikio anavuta tena, na anayeongoza aliona jambo hilo akaanza kukirefusha makusudi, mpaka Wachuka akapaza sauti, "Malizeni! Malizeni wimbo, mnaniua!" nao wakaurudia. Walipochoka na kuinuka kwenda kwenye gari, unyayo ulikuwa umeingia chini ya kiti mahali ambapo haukuwa umefika tangu siku za Chepkemoi za mwanzo. Mama Kiarie alimshika mkono mlangoni kwa muda mrefu. Kuhusu goti lake alisema tu, "Nitaona."

Usidhani waliishia hapo. Jumapili alfajiri simu ya Wachuka ilianza kulia kwenye lile kundi la WhatsApp la akina mama. Umevuta? Tuma video. Hiyo ni jana, tuma ya leo. Mwanamke wa Ndabibi ambaye alikuwa hajui kutuma hata picha sasa alikuwa anatuma sauti ya dakika nzima akimkemea mtu wa Lanet avute mguu. Wageni wa Jumatatu, watu wa ukoo, walimkuta kwenye kiti, na mmoja alipomwambia alale apumzike alifokewa mpaka akaomba radhi. Chepkemoi alipokuja na kusikia habari yote, alisema atawaajiri wale akina mama.

Jumanne daktari alipima. Akapima tena. Akamwambia akunje, anyooshe, apande ngazi ndogo, ashuke. Goti lilifika kwenye kona ya meza, likapita kidogo, kidogo tu, na likanyooka. Daktari akasema hakuna haja ya theatre, aendelee vilevile, aende nyumbani.

"Nyumbani wapi?" Wachuka akauliza, ili isemwe wazi mbele ya Sue.

"Kwako, mama. Si ulisema unakaa Ndabibi?"

Kwenye gari Sue aliendesha amekaza uso mpaka wakapita mizunguko ya mjini. Mama yake akamtazama.

"Si ufurahi?"

"Nimefurahi, Mami." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Ni vile nilikuwa nimezoea kufika nyumbani nikute taa inawaka."

Wachuka hakulitegemea hilo. Muda wote alikuwa amefikiri anafungiwa, hakuwahi kufikiri kuna mtu anayemhitaji pia. Akamshika bega.

"Utakuja. Hata kwangu taa huwaka, mama yangu. Na njoo bila kupiga simu."

Akarudi Ndabibi. Alivuta mguu kwenye kiti chake cha jikoni kila siku, akapandisha kiti cha kukamia kama Chepkemoi alivyomwambia, akatembea hadi getini, kisha hadi kwenye duka, na fimbo mkononi. Kisha asubuhi moja kavu, umande umeshakauka, alifunga kitambaa kizuri, akamwambia ng'ombe ajilinde, akashika njia ya bondeni.

Alienda pole. Kwenye mteremko alishuka kwa ubavu, mguu mzuri ukiungoja ule mwingine. Alipumzika mara kadhaa, akasalimia watu wa mashambani waliosimamisha majembe kumshangaa, akakataa pikipiki iliyompigia honi. Kilima cha ng'ambo kilimtoa jasho. Goti liliuma, akaliambia linyamaze, likaendelea kuuma na kuendelea kupanda.

Alipofika kwenye geti la Mama Kiarie alipaza sauti, "Hodi!"

Mama Kiarie alitoka nyuma ya nyumba akiegemea fimbo, mkono mmoja umejaa majani ya sungura. Alimwona, akatabasamu, kisha akachungulia nyuma yake.

"Karibu! Nani amekuleta?"

"Hakuna."

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari."

"Wacha mchezo, Wachuka. Umekuja na nani?"

"Nimejileta."

Mama Kiarie akatazama barabara upande wa juu, akaitazama upande wa chini. Akatazama bonde lote, na ile njia nyembamba, na mwishowe akatazama viatu vya rafiki yake, vyekundu kwa vumbi mpaka kwenye kifundo. Majani yakamwanguka. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakujisumbua kuficha.

"Ile tarehe niliacha ipite," akasema.

"Najua."

"Nikikatwa, utakuja kukaa na mimi? Nikidanganya, useme?"

"Nitakuja na nitasema. Mbele ya watu wote."

Mama Kiarie akajipangusa mikono kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya hospitali palepale getini, akifinya macho kwenye jua, kabla hata hajakumbuka kumfungulia mgeni.